Wageni Wasiokula

Arua, siku ya mwisho ya likizo

Mwanangu Kaltuma,

Kuna sauti moja imekaa ndani yangu tangu mwaka jana, na leo imenifuata kutwa nzima: ubao wa misumari ukivutwa juu ya changarawe. Nilikuwa ndani ya basi, nikirudi kutoka mazishini Koboko, na askari walikuwa wameweka kizuizi njiani. Mbele yetu palikuwa na gari dogo, tupu, dereva akiwa peke yake. Askari mmoja hakutaka hata kuona karatasi zake. Alizunguka nyuma, akasimama akilitazama gari kama mtu anavyomtazama ng'ombe sokoni, kisha akasema, "Wewe, matako ya gari yako iko juu sana. Umeshusha nini huko?"

Watu ndani ya basi wakacheka. Dereva mwenyewe akacheka. Halafu askari wa pili akauvuta ule ubao, taratibu, hadi mbele ya magurudumu ya lile gari, na kicheko kikatuishia sote. Sisi tuliruhusiwa kupita. Nilipogeuka, mlango wa gari ulikuwa wazi na dereva hayumo ndani.

Siku ile nilidhani askari wanatafuta pesa ya chai tu. Maana ya lile neno, gari kukaa juu nyuma, nimeielewa wiki hii, baada ya kulala chali chini ya gari la baba yako, grisi ikinifika viwikoni.

Sasa hivi wewe uko kwa jirani unasukwa nywele. Nakusikia ukilalamika kwamba anavuta sana. Nimeketi mlangoni mwa jiko, maana bado kuna mwanga hapa, na natumaini atakuvuta polepole ili nimalize. Mambo ya sabuni, soksi, kuamka alfajiri na kutokopesha ndala zako, bibi yako Haboba amekwambia mara nyingi kiasi kwamba hata mimi nimeyakariri. Sitayarudia. Nataka kukueleza habari ya springi, kwa sababu uliona sehemu yake ukacheka, na kwa sababu kesho, ukienda shule ya bweni Koboko, utaketi juu yake.

Unajua gari lile lilikuwa la baba yako. Alipofariki, lori la serikali lilipomwangukia kwenye njia ya Pakwach, gari lake lilibaki uani na kuku wakaingia. Baba yako mdogo Abdu ndiye aliyeliamsha. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa. Zilikuwa zimenyooka kama mbao. Mkipanda watu watatu, gari liliketi, na kila shimo tairi ikagusa bodi, tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Ulikuwa ukiziba pua na kusema gari limekula maharage.

Maduka ya Arua hayana springi. Hayana hata misumari. Abdu akazunguka hadi akapata gari la aina ile ile limekufa kule Mvara, akanunua springi zake mbili, akazileta juu ya mkokoteni. Siku ile alinikuta nikisahihisha madaftari.

"Mwalimu," akasema, "mkono yako ni mdogo. Njoo unisaidie, yangu haingii."

Nilikwenda. Nataka ujue kwamba nilikwenda kwa furaha. Tuliliinua gari kwa jeki, tukaweka matofali ya kuchoma chini ya chesisi, tukatoa magurudumu. Nati zilikuwa na kutu ya miaka. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukazisubiri, tukazigonga, tukazimwagia tena. Abdu alinifundisha kupiga bamba kwa nyundo na kusikiliza: bamba lililo hai hulia, lililochoka husema pu, kama mtu aliyekataa kuamka. Springi moja ni mabamba kadhaa, refu juu, fupi chini, yamefungwa pamoja kwa bolti ya katikati. Nikawa mimi ndiye ninayeingiza ile bolti, kwa sababu ya mkono wangu mdogo. Mara ya kwanza ilipoingia bila kupinda Abdu akapiga mluzi. "Ah, Mwalimu. Ungekuwa mwanaume ningekuajiri."

"Ningekuwa mwanaume usingeweza kunilipa," nikamwambia.

Mwanamke mmoja akapita na kapu lake kichwani, akasimama. "Mwalimu, shule imefungwa, sasa unafundisha gari?"

"Anafundisha springi kusimama," Abdu akajibu kutoka chini. "Iko darasa ya kwanza bado."

Tangu baba yako afe sikuwa nimecheka hivyo. Kwa siku hizo sikuwa mjane ambaye watu wanateremsha sauti anapopita. Nilikuwa mtu ambaye kazi inamtii. Ninakwambia haya kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, katikati ya furaha ile, na sikuhisi chochote.

Kila upande, chini ya mabamba ya kawaida, Abdu akaongeza bamba moja nene. Yalikuwa yametoka kwenye pikapu ya kubebea mawe. Nilimwuliza ya nini.

"Iko wageni," akasema. "Watapanda na Kaltuma mpaka Koboko."

"Wangapi?"

"Wawili. Wanene."

Nikacheka, nikampa nati. Nilibana mimi mwenyewe, Kaltuma. Nilibana kwa nguvu zangu zote na nikamwomba aje aone nilivyobana.

Unakumbuka tulipolishusha gari. Lilibaki nyuma juu, pua chini. Ukasema, "Mama, gari inasujudu," na Haboba akakukemea usifanye mchezo na sala, huku yeye mwenyewe akificha mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilisimama nyuma ya gari, mahali pale pale askari alipokuwa amesimama nyuma ya lile gari jingine, nikatazama nilichokuwa nimekitazama kutoka dirisha la basi, na nikaona tu kazi nzuri ya mikono yangu.

Jana nikapika. Nilijua wageni wa safari ya alfajiri hulala kwa mwenyeji wao, basi nikasonga asida ya mtama, nikachemsha samaki mkavu kwa karanga, nikatandika mkeka mpya. Abdu akaingia, akaona vyungu.

"Nani iko anakuja?"

"Wageni wako."

Akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Mwalimu, wageni yangu hawakuli."

Haboba naye akacheka. Kisha akanitazama, akaacha. Akavuta ungo wa maharage aliyokwisha kuyachagua, akaanza kuyachagua upya.

Ni ule ungo ulionifahamisha. Nilitoka uani, nikasimama tena nyuma ya gari, na safari hii nilisikia ubao wa misumari. Gari lililokaa juu likiwa tupu hukaa sawa likiwa na mzigo. Anayeliona njiani likienda hadhani limebeba kitu. Tulikuwa tumetengeneza springi za kuficha uzito. Na kulikuwa na kitu kimoja tu katika wilaya hii, mwaka huu, ambacho mtu anahitaji kukificha namna hiyo akielekea mpakani.

Nilirudi ndani nikamwuliza Haboba, maana Abdu alikuwa ameondoka.

"Kahawa ya magendo?"

"Magunia mawili tu," akasema, macho kwenye ungo. "Moja chini ya kiti, moja kwa buti ya nyuma, chini ya godoro ya mtoto."

"Na Kaltuma?"

"Kaltuma iko na yunifomu. Wakiona mtoto ya shule hawafungui. Wanasema pita, soma vizuri."

"Na wakifungua?"

Alipuliza makapi ambayo hayakuwapo.

Abdu aliporudi nilimngojea karibu na gari. Sikupaza sauti, kwa sababu ulikuwa ndani unakunja nguo zako. Nilimwambia, "Unataka mwanangu akae juu ya kahawa yako."

"Shemeji, ni kahawa. Siyo bunduki."

"Unajua wanavyowafanya watu wa kahawa. Hawawapeleki mahakamani."

"Mara moja tu. Mutu gani atamtoa mtoto ya shule kwa kiti yake?"

"Mtu aliyewekwa njiani kwa kazi hiyo."

Akapangusa mikono yake kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. Kisha akaniuliza polepole, na nilijua swali lile lilikuwa limemngoja siku nyingi: "Na muhula ya pili, nani atalipa? Chaki yako?"

Mshahara wangu unajua jinsi unavyokuja, na unajua kinachobaki ukija. Akanionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Huyu ni mtoto ya ndugu yangu," akasema. "Mimi nitakuwa kwa usukani. Ningempeleka pahali ya kufa?"

Aliamini alichosema. Ndicho kilichonitisha. Mtu mwovu ningemkimbia nawe jana ile ile. Lakini huyu ndiye aliyekufundisha baiskeli akikimbia nyuma yako na kandambili moja, ndiye aliyekubeba hospitali ulipopatwa na homa ya uti wa mgongo. Anakupenda, na angekuweka juu ya gunia lile. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Usimchukie. Lakini pia usidhani kwamba mtu akikupenda basi amekwisha kufikiri vizuri kwa niaba yako.

Usiku sikulala vizuri na nilijihesabia makosa. Mengine nimekwisha kukwambia. Lipo la zamani kidogo. Mji mzima ulipokuwa unakunywa chai bila sukari, nyumbani kwetu sukari ilikuwapo. Niliitia kwenye kikombe chako. Sikuuliza ilitoka wapi, kwa sababu nilijua nikiuliza nitajibiwa. Mtu anaweza kuishi muda mrefu sana kwa kutouliza, na ajione mwema.

Lakini lile la springi linaniuma tofauti, kwa sababu linatoka kwenye sehemu yangu ninayoipenda. Nilikuwa mtoto wa kuinua mkono. Babu yako, baba yangu, askari mstaafu asiyejua kusoma, alinipeleka shule akinisukuma kwenye baiskeli yake kutoka nyumbani hadi Ombaci, na kila jioni alitaka kusikia kwamba leo pia nilijibu. Nikazoea. Walimu walinisifu kwa wepesi, kwa mkono mzuri, kwa kumaliza kwanza. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa kusimama katikati ya kazi na kuuliza kazi hii ni ya nini. Basi mwanamke mzima, mwenye cheti, amelala chini ya gari, anaambiwa "wageni wawili, wanene," na bamba la pikapu ya mawe liko mkononi mwake, na anachofikiri ni kama bolti itaingia bila kupinda.

Wewe umeurithi mkono ule. Nimekuona darasani kwangu, unauinua kabla swali halijaisha. Huko uendako watakupenda kwa ajili yake. Watakupa kazi, na utazifanya vizuri, na utasikia joto lile kifuani mtu akisema umefanya vizuri. Sikukatazi joto lile. Mimi bado nalitaka. Ila ukilisikia, geuza kichwa kidogo utazame kilichowekwa mbele yako. Mtu mwenye nia ya kukutumia hatakuja na fimbo. Atakuja na kazi unayoiweza.

Na ukiwa hujaelewa neno la mtu, uliza, hata kama neno lenyewe ni rahisi kama mgeni. Mimi ninasahihisha Kiswahili cha kila mtu nyumba hii. Nawaambia si "mtoto ya shule," ni "mtoto wa shule." Nimekuwa nikisikia viambishi vyao na kuacha kusikia wanachosema.

Nywele zako zinakaribia kwisha kusukwa, nasikia unacheka sasa. Acha niseme lililobaki.

Leo asubuhi Abdu alichukua baiskeli akaenda Adumi kupanga habari ya wageni wake. Alipopotea kwenye kona nilivaa kanzu yangu ya zamani nikatoa jeki. Nilikutuma kwa jirani mapema, ndiyo sababu umesukwa kutwa nzima. Nisamehe kwa maumivu ya kichwa. Niliinua gari. Nikaweka matofali. Nilitoa magurudumu. Nati zilitoka upesi, kwa kuwa ni mimi niliyezipaka grisi. Upande wa kushoto ulikwenda vizuri: nililibana fungu la mabamba kwa klampu, nikatoa bolti ya katikati, na lile bamba nene likaanguka lenyewe mchangani. Upande wa kulia jeki iliteleza. Gari lilishuka kidogo, likakaa juu ya tofali moja, na tofali likapasuka kona. Mkono wangu mdogo ulikuwa ndani. Nilibaki pale nikisikiliza tofali. Sikumwita mtu. Nilifikiri tu kwamba nikiutoa mkono sasa kwa hofu, sitaurudisha tena leo, na kesho utaketi juu ya gunia.

Nikaliacha tofali litulie. Nikamaliza.

Nilipotoka chini Haboba alikuwa amesimama na fimbo yake. Sijui alikuwapo tangu lini.

"Ataona," akasema.

"Ataona."

"Atakasirika."

"Ndiyo, mama."

Akalizunguka gari pole pole, akaweka kiganja chake juu ya buti, akakiondoa. "Nilizaa wawili," akasema. "Mmoja lori ilimuua." Akaenda jikoni, akaniletea maji na sabuni ya kunawa grisi, akanimwagia mwenyewe mikononi hadi ikaisha.

Sasa gari limekaa sawa likiwa tupu. Litakubeba wewe, sanduku lako, godoro lako, na Abdu kwenye usukani. Springi zenyewe ni nzuri. Tairi hazitagusa bodi kwa mzigo huo. Lakini akitia magunia mawili pamoja nanyi, nyuma itaketi, mpira utanuka kabla hajafika barabara kubwa, na hata askari aliyesinzia ataona. Abdu anajua hilo kuliko mimi. Hataweza kuficha uzito.

Sikufichi gharama yake. Muhula huu umekwisha kulipwa. Wa pili siujui. Nitajaribu masomo ya jioni, nitaandika kwa watu, lakini huenda ukarudishwa nyumbani wenzako wakiendelea, na utakaa uani ukiniangalia na kunilaumu. Nimeufikiria uso wako ukiwa hivyo. Nimeuchagua huo.

Barua hii nitaiweka ndani ya jalada la juzuu yako ya Kurani, mahali ambapo askari hawatii mkono. Ukiisha kuisoma, ichome. Kuna jina la mtu tunayempenda ndani yake.

Niliacha kuandika hapo. Abdu alikuwa amerudi.

Aliona tangu langoni. Aliegemeza baiskeli ukutani bila kuitazama, ikaanguka, hakuiokota. Alikwenda nyuma ya gari, akachuchumaa, akainamisha kichwa kutazama chini. Kisha akasimama, akakandamiza buti kwa mikono yote miwili, ikashuka, ikapanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu mkononi. Nilimwambia, "Gari hili ni la Kaltuma, aliachiwa na baba yake. Kesho litambeba yeye tu."

Haboba alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akipumua.

"Nati umebana?" akauliza.

"Nimebana."

Akatoa spana, akalala chini, akazijaribu zote, kushoto na kulia, moja moja. Hakuna iliyozunguka. Akatoka na vumbi mgongoni. Uso wake ulikuwa mgumu, na sidhani atazungumza nami kwa siku nyingi.

"Na mabamba yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha choo. Yako chini kabisa, yote mawili. Niliyatumbukiza mchana, na Haboba akamwaga jivu juu yake.

Mama yako